Breki ya Ngatia

Waithira alisomea uhandisi wa mitambo kabla ya kusomea sheria. Ofisini kwake mjini Nyeri aliwaombea wavumbuzi hataza, ile haki ya kumzuia mtu mwingine asitengeneze kitu ulichokibuni. Ngatia, fundi wa vyuma kutoka Gatitu, alipomletea mashine yake ya kukatia nepia, nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, Waithira aliinama kuichungulia akasahau hata kumkaribisha kiti.

Mashine ilikuwa na breki. Mkono ukivutwa ndani pamoja na nyasi, visu husimama papo hapo. Ngatia aliibuni baada ya mkewe, Beth, kukatwa vidole.

"Hii ni mpya kabisa," Waithira alisema. "Kuna mtu umewahi kumwonyesha?"

"Watu wa kanisa tu. Na ile video."

"Video gani?"

"Beth aliiweka kwa Facebook. Watu waliipenda sana, wakili."

Waithira aliitafuta. Ilikuwa na zaidi ya miaka miwili, na humo Ngatia alikuwa akiifungua breki kipande kwa kipande, akieleza kwa furaha. Sheria ingemvumilia mwaka mmoja tu tangu aionyeshe hadharani.

"Mzee, tumechelewa. Ulishaigawa kwa kila mtu."

"Lakini ni yangu. Hata huko Sagana wanauza wakisema ni ya Ngatia."

Waithira alienda Sagana mwenyewe. Alizikuta mashine zimepangwa nje ya duka, umbo ni lile lile. Akaingiza mkono palipopaswa kuwa na breki. Patupu.

"Hiyo tulitoa," muuzaji alisema. "Inasumbua. Mkulima anataka kazi iende haraka."

Alimwonya. Muuzaji alimuuliza ni sheria gani aliyovunja, na hataza haikuwepo. Hata jina la Ngatia halikuandikwa kwenye mashine hizo. Lilikuwa midomoni mwa watu tu.

Kabla ya mvua kuanza, mwanamke mmoja wa Mukurweini, Tabby, alipoteza mkono kwenye mashine ya Sagana. Ngatia akamwomba Waithira amsindikize kumwona. Mume wa Tabby, Kinyua, aliwasimamisha getini.

"Wewe ndiye Ngatia?"

"Ni mimi. Lakini hiyo mashine sikuitengeneza."

"Mashine ya Ngatia imekula mkono ya bibi yangu, na unasema hivyo?"

Waithira alijaribu kueleza: kuna breki, watu wa Sagana waliitoa, yeye mwenyewe aliona.

Kinyua alimgeukia polepole. "Kumbe ulijua, mama. Ulijua zinauzwa hivyo."

"Nilijua."

"Na wewe ni wakili."

Akafunga geti. Ndani mtoto alikuwa akiitwa apeleke maji kwa ng'ombe.

Waliporudi Gatitu, Ngatia alishuka garini, akashukuru kwa adabu kama mtu aliyetoka mazishini.

Beth aliifuta ile video, ingawa wengine walishaisambaza. Mashine za Sagana zinaendelea kuuzwa. Ngatia siku hizi anatengeneza vitanda na mageti, na mtu akija kuulizia mashine ya nepia humwambia amekosea fundi.