Mjumbe Aliyefika Bila Kiu

Jumatano asubuhi Tamilla alikuwa uani kwake, mjini Walata, akipaka lami kwenye mshono wa kiriba. Kiriba kile kilikuwa kikivuja tangu msimu uliopita, na yeye hakuwa mtu wa kutupa ngozi nzima kwa sababu ya tundu moja. Mumewe, Amastan, aliingia akiwa ameinama, kwa kuwa mlango ulikuwa mfupi na yeye mrefu.

"Salamu alaikum, mama Ilatan," akasema, akavua viatu.

Hapo Tamilla akajua kwamba mumewe amekufa.

Hakuhitaji dalili nyingine. Amastan alikuwa mjumbe. Msafara wa chumvi unapotoka kaskazini hupumzika kwenye visima vya Tasarahla, hujaza viriba, kisha humtanguliza mtu mmoja mwenye barua. Mtu huyo hulivuka jangwa peke yake mpaka Walata, ili watu watoke na maji, waende mwendo wa siku nne, waupokee msafara kabla haujakaukiwa. Mjumbe akifika, msafara huishi. Asipofika, nyumba za mjini huanza matanga bila kungoja maiti. Na mjumbe aliyefika haongei na mtu. Huenda moja kwa moja kwenye mtungi akanywa mpaka tumbo limuume; salamu hufuata, wala hakuna anayemwona hana adabu. Kwa miaka kumi na tisa Amastan alikunywa kwanza. Leo alisalimu kwanza, na mtungi hakuutupia jicho.

"Umefia wapi?" Tamilla akauliza.

"Mwendo wa siku tatu kutoka hapa. Penye jabali jekundu."

"Lini?"

"Jumapili. Maji yaliisha Ijumaa."

"Na Ilatan?"

Ilatan alikuwa mtoto wao wa pekee, kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyekwenda kaskazini kuswaga ngamia.

"Yumo msafarani, mzima. Lakini maji yao yatawafikisha Jumapili hii, zaidi ya hapo hapana. Nimechelewa kidogo kwa sababu ya kufa."

Tamilla alihesabu kwa vidole. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Maji yakitoka leo, mwanawe atakunywa. Yakitoka kesho, watamkuta amelala. Akajifuta lami mikononi kwa mchanga. Kilio kingekuwa na wakati wake; mmoja alikuwa amekufa na mmoja yuko hai, na aliye hai ndiye wa kushughulikiwa kwanza.

"Vaa viatu," akasema. "Twende."

Sokoni, naibu wa mfalme wa Mali, ambaye watu walimwita Farba, alikuwa ameketi juu ya zulia chini ya kipaa. Farba aliijua vizuri lugha ya watu wa Walata, lakini kwa heshima ya cheo aliongea kwa kupitia mkalimani, hata na mtu ambaye angeweza kumgusa kwa mkono. Kushoto kwake alikuwa Kadhi Abu Hafs. Mbele yao alisimama Zakkar, wakala wa matajiri wa kaskazini, mwenye ngamia arobaini wa kubebea maji. Ngamia hao hawakutoka mjini bila mjumbe kutoa ushahidi.

Kadhi akamtazama Amastan. Mchanga ulikuwa ukimwagika kwenye mkono wa kanzu yake, kidogo kidogo, kama unga kwenye gunia lililotoboka.

"Wewe ndiye Amastan, uliyerithi ujumbe kwa mjomba wako Yeddar?"

"Ndimi, Sheikh."

"U hai?"

"Hapana, Sheikh."

Kadhi akavuta pumzi. "Basi ushahidi wako haupokelewi. Shahidi awe hai, awe na akili timamu, awe anajulikana kwa ukweli."

"Hilo la mwisho ninalo."

"La mwisho unalo, ndugu yangu. La kwanza ndilo linalotusumbua."

"Mimi nasema huyu ni shetani," Zakkar akadakia. "Jangwani wamejaa, na kazi yao ni kuwachezea wajumbe. Siwezi kutoa ngamia arobaini kwa neno la marehemu. Tukikuta mchanga mtupu, nani atanilipa?"

Farba akanong'ona. Mkalimani akasema, "Farba anauliza shida iko wapi. Kwao mababu huja kila mavuno. Hulalamika kwamba uji ni mwepesi, lakini wakisema mvua itanyesha, watu hupanda."

"Mwambie Farba, sheria haisemi chochote kuhusu uji," kadhi akajibu.

Tamilla alikuwa amesimama muda huo wote, na jua lilikuwa likipanda.

"Sheikh," akasema, "barua ikija imefungwa shingoni mwa ngamia, huwa unamhoji ngamia?"

"Hapana. Naangalia mwandiko na muhuri."

"Basi mhesabu mume wangu kuwa ngamia."

Watu wakamgeukia Amastan waone kama amekasirika.

"Sina neno," Amastan akasema. "Zakkar ameshaniita shetani. Ngamia ni afadhali."

Kadhi alifikiri, akaona njia imefunguka na haimpeleki pabaya. Akanyoosha mkono. Amastan akatoa barua kifuani, akazikung'uta mchanga, akampa. Ya juu kabisa ilikuwa ya tajiri wa Zakkar, na Zakkar akauona muhuri.

"Huo ni muhuri wetu," akasema haraka. "Inatosha. Hakuna haja ya kuifungua."

"Barua ikisimama mahali pa shahidi, husomwa mbele ya watu," kadhi akasema, akaivunja lakiri.

Ilianza kwa kumshukuru Mungu na kumwombea maisha marefu mfalme wa Mali. Ikasema msafara una watu mia mbili na kumi, ikataja siku ya kuondoka na njia. Kisha kadhi akasoma, "Tena pokea kwa mjumbe mabamba mawili ya chumvi, ambayo nimeyapakia juu ya ngamia wake mahali pa kiriba cha pili. Yauze kabla msafara haujaingia, bei ingali juu."

Akaishusha barua. Mkalimani akatafsiri yote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, kwa hiyo soko zima likasikia mara mbili.

"Mahali pa kiriba cha pili," Tamilla akasema.

"Ni desturi," Zakkar akasema. "Wote wanafanya. Muulize mumeo."

"Ni kweli," Amastan akasema. "Miaka yote huwa hivyo. Safari hii kulikuwa na upepo wa siku mbili, basi."

"Na hukuniambia."

"Ungenikataza kwenda."

"Ningekukataza, ndiyo."

Kadhi aliikunja barua polepole. Alisema hakukumbuka mlango wowote wa sheria unaomkataza mtu kumpakia ngamia wake chumvi yake. Angeangalia tena vitabuni akipata nafasi. Kwa sasa mwandiko ulikuwa sahihi, na maji yatoke.

Zakkar alimsogelea Amastan, akashusha sauti. "Mabamba yangu yako wapi?"

"Yako pale nilipo mimi."

Ngamia arobaini walikuwa tayari kabla ya sala ya adhuhuri. Zakkar alikaza kamba kwa mikono yake mwenyewe, akiwafokea watu waharakishe. Wanawake wa Walata walijaza viriba, wakatia na matikiti maji machache yaliyoota chini ya mitende. Tamilla akapanda ngamia wa mwisho. Hakuna aliyemwalika, wala hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumshusha.

Amastan aliongoza kwa miguu. Alitembea kama siku zote, ameinamisha kichwa, akisoma mchanga kama mtu anayetafuta sindano. Wakati wa sala alisimama safuni pamoja na wengine, ila hakutayamamu kwa mchanga, maana ulikuwa umemjaa tayari. Chakula kilipoandaliwa, Tamilla alimkatia tonge la mtama kwa mazoea, kisha akalila mwenyewe.

"Zakkar naye mbona hapumziki?" Tamilla akamwuliza siku ya pili.

"Mwache. Hajawahi kutembea haraka hivi kwa ajili ya maji."

Siku ya tatu, adhuhuri, wakafika penye jabali jekundu. Amastan alikuwepo, ameegemea jiwe, shela lake limefunika uso vizuri. Ngamia wake alikuwa amelala pembeni, amekauka. Kiriba kilikuwa kimoja, kimenyauka kama jani. Mabamba mawili ya chumvi yalisimama wima juu ya mchanga, meupe, bila ufa. Zakkar aliyagonga kwa kidole akisikiliza mlio wake, akaridhika, akaita watu wampakilie.

"Huoni hata aibu, bwana?" mmoja wa waswaga ngamia akamwambia.

"Nikiyaacha hapa atafufuka?" Zakkar akajibu. Mabamba yakapakiwa.

Walichimba kaburi upande wa kivuli. Tamilla alimtayamamisha mumewe mwenyewe. Mzee mmoja wa waswaga ngamia alisalisha kama imamu, na Amastan akasimama safu ya nyuma ili asiwatatize watu. Imamu alipouliza, "Mlimjuaje marehemu?" wote wakajibu kwamba alikuwa mtu mwema. Yeye peke yake alinyamaza, kwa haya.

Hapo Tamilla akalia. Wakati wa kilio ulikuwa umefika, akaketi kando ya kaburi akalia mpaka akamaliza, na Amastan akaketi karibu naye akimngoja.

"Umekuwa mwepesi sana," Tamilla akasema akijifuta macho. "Nilipokugeuza."

"Nilikuwa nimekauka."

"Najua. Twende, mtoto hajanywa."

Jumapili, jua likielekea magharibi, waliuona msafara. Hawakuona vumbi, kwa sababu msafara ulikuwa umesimama. Watu walikuwa wamelala chini ya ngamia, midomo imepasuka, na wengine walishaandika majina yao mchangani ili watambulike. Ilatan alikuwa hajaandika lake. Tamilla alimtambua kwa miguu yake, maana alikuwa na miguu ya baba yake, akamwinua kichwa, akamnywesha mafundo madogo madogo. Kijana alikunywa, akatapika, akanywa tena, kisha akafumbua macho.

"Mama," akasema. Akatazama nyuma ya mama yake. "Baba, umekufa?"

"Jumapili ile nyingine."

"Pole, baba."

"Pole na wewe. Kunywa taratibu."

Watu mia mbili na kumi walihesabiwa, na watu mia mbili na kumi walikuwa hai. Matikiti yakapasuliwa. Mtu mmoja aliimba vibaya sana, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tajiri wa kaskazini, aliyeandika barua ile, alimshika Amastan mkono akamshukuru mbele ya watu. Kisha akasema kwamba mjumbe asiyehitaji maji ni neema, na kwamba msimu ujao angeweza kupakiwa mabamba manne.

"Mimi sibebi tena," Amastan akasema. "Abebe mwingine. Mimi nitatembea mbele yake."

Amastan hakuwa na dada, hivyo hakuwa na mpwa wa kurithi kazi yake kama ilivyo ada ya Walata. Ilatan akaichukua. Tamilla alimkataza siku tatu, siku ya nne akamshonea viatu. Kisha akaenda kwa kadhi kuuliza kama amepata nafasi ya kuangalia vitabuni.

"Bado naangalia, mama," kadhi akasema. "Vitabu ni vingi."

Msimu uliofuata Ilatan aliondoka Tasarahla na kiriba kimoja na mabamba mawili. Baba yake alitangulia, akimwonyesha mahali mchanga ulipohama na mahali pa kujibanza upepo ukivuma. Kwa kuwa halali wala hachoki, akimfikisha Ilatan alirudi akawatangulia wajumbe wa misafara mingine. Mwaka huo hakufa mjumbe hata mmoja, jambo ambalo wazee hawakukumbuka kuliona.

Matajiri walipoona kwamba hafi mtu, wakaongeza bamba la tatu.

Habari ilifika Walata asubuhi. Tamilla na wanawake wenzake walikutana kisimani, bila kadhi na bila mkalimani, wakachanga ngamia wao wenyewe, wakakubaliana kutoka na maji bila kungoja barua, ili mjumbe naye ayakute njiani. Tangu hapo msafara haukupokelewa tena mwendo wa siku nne. Wanawake wakaongeza siku ya tano.