Kituo Kisichotaja Jina

Mume wangu Ewart alikuwa na moyo mbovu. Daktari wa mjini alikuwa ameshampangia mara mbili siku ya kupasuliwa, na mara zote mbili aligoma. Sababu ilikuwa redio.

Sisi wa huku kusini, wenye ugonjwa huu wa kusikiliza mbali, tunatandaza waya wa kunasia mawimbi ya redio juu ya nguzo za uzio, kilomita nzima katikati ya kondoo, mpaka karibu na bahari. Jua likianza kuzama, vituo vya ng'ambo ya Pasifiki vinaingia, vingine vya miji midogo ambayo hatutaiona maisha. Unaandika ulichosikia: dakika, tangazo la mbolea, sauti ilikuwa na nguvu gani, ilififia mara ngapi. Unawapelekea kwa posta, nao wanakurudishia kadi ya kukiri kwamba kweli uliwapata. Ila lazima uwe umelisikia jina la kituo. Bila jina, hakuna kadi.

Ewart alikuwa na kituo kimoja alichokifukuzia miaka kumi na mmoja. Mwanamume anazungumza taratibu, hana muziki, na kila ikikaribia saa kamili, wakati wa kujitaja, sauti inazama.

"Wakinilaza pale mezani nisiamke je?" aliniambia. "Nitakufa sijalipata jina lao."

"Na ukifia hapo kitini utakuwa umelipata?"

"Angalau nitakuwa nasikiliza, Ina."

Nevil, jirani yetu, alikuwa akimcheka. "Shemeji, mzee wako kapata mchumba redioni. Mchumba mwenyewe hata kujitaja hataki!"

Jumanne moja ya mwezi wa sita, baridi imekaza, niliweka birika, nikavuta kiti nikae naye. Sauti ile ikaingia safi, kama mtu aliyeketi jikoni kwetu.

"Saa kumi na moja na dakika nne," ikasema. "Tunawapata vizuri. Birika linachemka. Kiti kimeburutwa. Sauti mbili. Ya mwanamke ni imara. Ya mwanamume ni dhaifu, inafifia, inarudi, inafifia."

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kile kiti.

"Ewart, zima."

"Hebu nyamaza, anasoma taarifa kama zetu." Uso wake ulikuwa umechangamka. "Kaandika vizuri, hata dakika kaweka!"

"Tumewasikiliza miaka kumi na mmoja," sauti ikaendelea, "ila kila mkikaribia kutajana mnafifia. Tafadhali, mwanamume ataje jina lake lote, tumtumie kadi."

"Mzee wangu, usiseme. Nakuomba."

"Ni haki yao. Mimi ningependa kunyimwa?" Akainamia redio kama anayemwinamia mtoto mchanga. "Ewart," akasema.

Nikaung'oa waya.

Alibaki mdomo wazi, jina la ukoo limemkwama. Kisha akapiga meza. "Miaka kumi na mmoja! Wewe mwanamke, miaka kumi na mmoja!" Akalia. Kesho yake nilimpeleka hospitali, naye hakugoma, maana hakuwa na cha kusubiri tena.

Alipasuliwa, akapona. Alipozinduka, muuguzi alimwinamia. "Ewart? Ewart, unanisikia?" Mgonjwa akamtazama kama mtu anayesikia habari za wengine. Muuguzi akapaza sauti. Wapi! Nikamwita kwa jina la ukoo, "Bwana Tulloch," akageuka hapo hapo, akaomba chai.

Huu ni mwaka wa tatu. Namwita Tulloch, kama niko jeshini. Wanetu wanamwita baba, anaitika. Nevil anadhani tuna utani wetu. Moyo wake unadunda vizuri, anakula, anakata kuni, na redio haulizii.

Mwezi uliopita nilisahau. Chakula kilikuwa tayari, nikafungua mlango wa nyuma, nikaita kwa nguvu, "Ewart!" Yeye alikuwa mbele ya nyumba, anachonga mpini wa shoka. Nilimwona kupitia dirisha; hata kichwa hakuinua.

Kutoka upande wa bahari, ng'ambo ya kondoo, kule ulikoishia ule waya, mume wangu akaitika, "Naja, Ina." Sauti ikafifia, ikarudi, ikafifia.