Maji ya Nyasi

Kitu cha kwanza alichokiona Stamili kilikuwa jani. Lilibanwa kwenye kamba za mpira, bichi, la aina ile wanawake wanayoiweka juu ya maji ya debe ili yasimwagike njiani. Refa alilichomoa akalitupa, akauweka mpira katikati ya uwanja wa Newala na kupuliza filimbi.

Ulikuwa mwaka wa kutawazwa Malkia. Michezo ya Nchi Nne iligawanywa: mbio, kuruka na kuvuta kamba vilibaki Masasi, na kandanda ikapandishwa Newala kwa sababu juu ya uwanda ni tambarare. Zilikuja timu za Nyasaland, Unguja na Wareno wa ng'ambo ya Ruvuma, na ya nne ilikuwa Tanganyika yenyewe.

Mshambuliaji wa Nyasaland aligusa mpira kidogo tu. Ukatoka nje ya mstari, ukapita katikati ya miguu ya watazamaji bila kumgonga mtu, ukavuka barabara, ukakata kona penye mikorosho ya mzee Dadi na kushika njia ya wanawake inayoteremka bondeni. Watu waliuangalia mpaka ukapotea. Mshika kibendera akatumwa kuufuata. Alirudi baada ya muda wa saa tatu, viatu mkononi, akaeleza kwamba mpira aliukuta kisimani, umepakatwa na mwanamke mjamzito mwenye kanga iliyochanika pindo. Alikuwa ameuosha na kuuwekea jani.

"Huyo ni mwanangu," alisema Mama Fatu, aliyekuwa amekaa na debe lake nyuma ya goli. "Pindo hilo nililichana mimi, nikamkunjia kata ya kichwani."

Hakuna aliyebisha. Fatu alikuwa amezikwa wiki tano zilizopita, na wengi wa waliokuwa pale walikwenda mazikoni.

Juu ya uwanda hakuna maji. Wanawake huyafuata bondeni, wakitoka alfajiri na kurudi jua likiwa limepanda. Lakini kamati ya michezo ilitaka nyasi za kijani, na karani wake, Cuthbert, mwenye kaptura iliyonyoshwa vizuri kwa pasi, aliamuru kila nyumba itoe mwanamke wa maji. Ndani ya kila debe alichora mstari wa makaa. Debe lililofika na maji chini ya mstari lilimwagwa kwenye nyasi, na mwenyewe akarudishwa bondeni kuchota upya. Fatu, mimba ya miezi saba, alirudishwa mara mbili kwa siku moja. Safari ya tatu, akiteremka na debe tupu, alikaa kwenye kona ya pili ya mteremko, na Stamili, mdogo wake, aliyekuwa akipanda na debe lake, akakaa naye. Hakuinuka tena. Cuthbert alipopelekewa habari aliuliza debe liko wapi.

Mechi ya kwanza ilichezwa kwa siku nne. Mpira ukishapigwa mara tatu au nne, ulishika njia. Walileta mwingine, nao ukaenda huko huko. Wakaufunga wa tatu kwa kamba kwenye mlingoti wa goli, ukaondoka na mlingoti. Wachezaji walipokezana kushuka. Rajabu, nahodha wa Unguja, alikaa chini akijichomoa miiba, akasema kwao walimuaga kama mwanamichezo, na sasa atarudi akiwa mchota maji, mkewe atafurahi sana. Wanawake walicheka wakijifunika kanga.

Stamili hakucheka. Kila siku alikaa pale njia inapotokea juu, akawatazama wanaume wakiibuka na mpira kichwani, shingo zimedidimia, midomo wazi, na moyo wake ulikuwa mtamu kuliko siku ya Idi. Alimngoja mmoja tu. Lakini huyo alikaa kivulini na karatasi zake, akituma wengine.

Siku ya sita, kule Masasi wakimbiaji wakiwa wamekwisha kuondoka na vikombe vyao, wazee wa kamati walikwenda kwa Mama Fatu. Walipiga hodi, wakapewa mkeka, wakauliza marehemu anataka nini.

"Anamtaka karani," alisema. "Ashuke mwenyewe, amwombe radhi."

Cuthbert akashuka. Stamili aliambiwa amwonyeshe njia, debe kichwani. Stamili hakuwa mtu wa maneno. Hata shule aliiacha darasa la pili kwa kuona haya kusoma kwa sauti.

Fatu alikuwa juu ya jiwe, mpira mapajani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Cuthbert alikohoa. "Mama, mpira huo ni mali ya kamati."

Fatu alimtazama, akachota maji kwa kifuu, akampa. Akanywa. Akaomba tena. Alikunywa vifuu tisa, akafuta mdomo kwa leso, akachukua mpira. Radhi hakuomba. Alipogeuka alimwambia Stamili, "Na wewe usipande mikono mitupu. Jaza mpaka mstarini."

Tangu siku hiyo kiu haikumtoka Cuthbert. Maji ya mvua aliyanywa kama anayekunywa hewa. Yaliyomtuliza yalikuwa ya kisima kile tu, debe moja asubuhi na moja jioni. Stamili aliposikia alisema moyoni, na akauke.

Kamati ikabandika tangazo. Kila nyumba iongeze mwanamke wa pili: mmoja wa maji ya nyasi, mmoja wa maji ya karani, na atakayeukuta mpira kisimani aupandishe. Kwa njia hiyo fainali ikamalizika, Tanganyika goli moja, Nyasaland bila. Wageni walisifu nyasi. Baadaye timu za huku na huku ziliendelea kucheza, mpira ukaendelea kushuka, na wanawake wakaendelea kuupandisha, umekaa juu ya debe. Watoto walidhani ndivyo mpira ulivyo.

Debe la karani la asubuhi lilimwangukia Stamili. Kila asubuhi alilitua kwenye kona ya pili, akakaa mpaka jua likawa kali, kwa kuwa Cuthbert alikuwa anangoja juu ya mteremko, ulimi umekauka. Kisha akanyanyuka, akampelekea. Alimtazama akinywa, na hakumhurumia.

Asubuhi moja alijaza debe kama kawaida. Fatu akaweka jani juu ya maji. Lakini hakuinama kumtwika kama siku zote. Alikaa na mikono juu ya tumbo, akimtazama mdogo wake, akingoja. Stamili akafahamu kwamba karani amekwisha kupewa lake, na aliyebaki ni nani.

"Dada," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka ng'ambo ya kisima. "Siku ile pale konani uliponiomba maji, nilikuambia debe langu limevuja njiani. Halikuvuja. Lilikuwa limejaa mpaka mstarini."