Mahudhurio ya Mbolea

Usingizi wa jana ulinirudisha shuleni, nami nikaota nikiita mahudhurio ya mbolea.

Chembe za fosfeti zilikuwa zimejipanga katika shamba la mahindi la shule, zimevaa sare. Zote ziliitika. Kisha mvua ikaanza, na mstari mzima ukageukia kijitoni.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa Bibi Kabula, Mwalimu. Kwenye bwawa lake la perege."

Bibi Kabula anaishi bondeni, na bwawa hilo ndiyo riziki yake yote.

"Nani amewapa ruhusa?"

"Wewe. Ijumaa, siku ya usafi, uliwafukuza walinzi."

Ijumaa niliamuru wanafunzi wang'oe matete yote ya ukingoni mwa kijito, papate kuonekana nadhifu. Sikukumbuka kumfukuza mlinzi yeyote.

Mara niko darasani, na chini ya dawati langu anatoka Kuvu, mweupe, mwembamba kama uzi. Sijui nani kati yetu ni mkubwa, hivyo namwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Chembe hizi nilizikamata mimi, mbali isikofika mizizi, nikaikabidhi mizizi ya matete. Nayo ilinipa sukari. Sasa nimkabidhi nani?"

Kabla sijajibu, darasa linakuwa bwawa. Bibi Kabula ameketi majini, nami niko mbele yake na chaki mkononi. Maji ni ya kijani kwa mwani ulioshiba mbolea, mazito kama mlenda. Perege wamenyoosha vichwa juu, midomo wazi.

"Mwalimu, wanaomba hewa," anasema. "Nimewaambia wasubiri kengele."

"Kengele ni saa ngapi?"

"Wewe ndiye mwenye ratiba."

Natafuta ratiba. Mfukoni mmejaa maji.

"Sijui la kufanya," namwambia Kuvu. Sijawahi kusema hivyo mbele ya darasa.

"Basi simama wewe ukingoni."

Nasimama. Kuvu ananifunga nyuzi zake vidoleni mwa miguu. Chembe ya kwanza inafika, inaniamkia, inapanda hadi gotini na kutulia. Inafuata ya pili. Ya arobaini inauliza kama kuna nafasi. Naangalia nyuma yake. Sioni mwisho wa mstari.

Niliamka kumekucha, mvua ikinyesha. Kati ya vidole vya mguu wangu wa kulia palikuwa na chipukizi la tete, na mizizi yake ilikuwa imenishika.

Sikuling'oa. Nilitoka peku, nikateremka kijitoni kwa uangalifu, mguu huo ukitangulia.