Nati Kumi

Fundi alikuwa ndiyo kwanza amepaka grisi beringi za trela la kulala alilowaachia baba yao na kurudisha magurudumu yote mawili, kaka yake alipoingia uani na gari.

“Leo naondoka nalo.”

“Kaka, ngoja kwanza, magurudumu haya...”

Ngumi ikamkata kauli. Akajaribu tena, akala teke la mbavu. Mara ya tatu alikanyagwa shingo.

“Neno moja zaidi, nakuua.”

Basi akanyamaza. Kaka mtu akashusha jeki, akafunga trela nyuma ya gari, akaondoka kwa kasi kuelekea mteremkoni.

Fundi akatema jino, akapapasa mfuko wa ovaroli. Nati za magurudumu zilikuwamo, zote kumi. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa pili. Hakuigusa.