Mikate Mia na Arobaini na Tatu

Mama yangu hajui kusoma, lakini kijiji chote cha Dorset Creek anacho kichwani. Siku ya kusomwa matokeo ya sensa alioka mikate midogo ya nazi, mmoja kwa kila mtu, hata kichanga cha akina Gardiner kilichozaliwa Jumanne. Yeye mwenyewe huwa hajihesabu. Hula ukoko uliogandia kwenye sinia, desturi aliyotoka nayo kwao Haiti.

Karani wa sensa nilikuwa mimi. Nilipita kila nyumba, nikauliza nani kalala humo, kazaliwa wapi. Fomu ya nyumba yetu niliijaza mwisho, peke yangu, mlango nimeufunga. Nikaandika: mtu mmoja.

Nisijitetee. Nilipoomba kazi serikalini, penye jina la mama niliandika: mwenyeji, marehemu. Niliona mama Mhaiti aliye hai angeniharibia nafasi. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

Bi Missick, mkubwa wangu, alikuja kutoka mji mkuu akasoma hesabu ukumbini mwa kanisa. Wenyeji sabini na mmoja, Wahaiti hamsini na wawili, Wadominika kumi na watatu, wengineo saba.

"Sabini na mmoja tu?" akadakia mzee Ezra Higgs, mvuvi wa kombe. "Wahaiti wakizaa kidogo tu, mimi ndiye nitakayeomba kibali cha kuishi!"

"Omba kwangu, mzee," mama akamjibu, sinia kiunoni. "Nitakufikiria."

Watu wakacheka. Bi Missick akamalizia: jumla, mia na arobaini na watatu.

"Mama Seli, umeoka mingapi?" Ezra akauliza.

"Mia na arobaini na mitatu!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Bi Missick naye alifurahi, akamwuliza, "Na wako uko wapi, mama? Mbona huli?"

"Ah, mimi huwa sijihesa..."

Ezra alikuwa ameshaanza kukunja vidole. "Ngojeni. Kama hakujihesabu, basi tuko mia na arobaini na wanne. Nani kaachwa?"

Watu wakaanza kutazamana. Mama hakumtazama mtu mwingine, alinitazama mimi. Nikainamisha macho kwenye fomu zangu. Ningeweza kusema. Neno moja tu lilitosha, nami nikalimeza.

"Nimekosea," mama akasema kwa sauti kubwa. "Mmoja uliungua, nikampa kuku. Mikate ya watu ilikuwa mia na arobaini na miwili, nami ndiye wa mwisho. Mnisamehe, shule sikusoma."

"Nilijua tu!" Ezra akapiga paja. "Serikali haishindwi na sinia!"

Wakamcheka, naye akacheka nao. Mama yangu, ambaye hajapata kukosea mkate hata mmoja. Bi Missick akanipigapiga begani, akaniambia kazi yangu ni safi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulirudi nyumbani. Akaketi jikoni, sinia mapajani, akaanza kukwangua ukoko kwa kisu.

"Fomu ya nyumba hii umeandika wangapi?"

"Mmoja, mama."

"Wewe."

"Mimi."

Akakwangua tena. "Na kwenye karatasi za kazi yako, mimi nimeandikwa nani?"

Nilijaribu kutafuta neno lililo laini kidogo, nikalikosa. "Marehemu."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa sita."

Kisu kikasimama. Nilingoja anitukane, anipige, afanye lolote lile. Akatia kipande cha ukoko mdomoni, akakitafuna taratibu mpaka kikaisha.

"Haya," akasema. "Marehemu ana njaa. Mtengee chai."