Mikoba ya Harusi ya Asia

Kila harusi ya ukoo wetu kazi yangu ilijulikana: kukaa kitini na kutunza mikoba. Muziki ukianza tu, wanawake wananirundikia mikoba yao mapajani na kwenda kucheza, kana kwamba mimi ni kabati.

Nyonga yangu ya kushoto haikukaa vizuri kwenye kikombe chake tangu nazaliwa, na hakuna aliyegundua. Nilichechemea hadi ukubwani, mpaka maumivu yakaninyima usingizi. Asia, binti wa kaka yangu Isihaka, alipochumbiwa, nikafunga duka langu la vitenge pale Kasulu, nikaenda Mwanza kuwekewa nyonga ya bandia. Watu niliwaambia ni maumivu tu. Lakini kwetu, zawadi zikipelekwa, shangazi ndiye hutangulia akicheza, na harusi za dada zake Asia zote niliziona nimekaa. Huyu wa mwisho nilitaka kumchezea mwenyewe.

Daktari aliniruhusu kucheza taratibu, nisiruke wala kuchuchumaa. Nikawa najifunza nyuma ya kaunta, wateja wakisubiri.

Siku ikafika, ukumbini Kibondo. Sijakaa sawasawa, wifi yangu Shamsi, mama wa bibi harusi, akaniwekea mkoba wake. Wengine wakafuata. Mshereheshaji alipomwita shangazi, ukumbi mzima ukamgeukia binamu yangu Faudhia, ambaye siku zote hucheza kwa niaba yangu. Nilipandwa na hasira, nikatamani kulia. Ningesimamaje na mzigo ule?

Isihaka akaja na suti yake mpya, akavuta kiti.

"Dada, lete hiyo mikoba."

"Baba wa bibi harusi atunze mikoba?"

"Umetunza vya kutosha. Genda, mtoto anakusubiri."

Nikaenda. Nilichukua kitenge cha zawadi mikononi mwa Faudhia, nikatangulia. Kucheza sijui, ukweli usemwe; nilikosea mapigo hadi Asia akacheka kule jukwaani. Lakini miguu yangu ilikanyaga sawa kwa sawa, na vigelegele vikajaa ukumbi. Sijawahi kufurahi vile.

Nilipogeuka, Isihaka alikuwa amefunikwa na mikoba hadi kifuani, analia waziwazi, anajifuta kwa leso aliyoichomoa kwenye mkoba wa mkewe. Shamsi akampungia aje wacheze. Akatikisa kichwa. Hakuwa na wa kumwachia.